Kanga Ndani ya Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uigaji wa Vitambaa na Nguo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza katuni, michezo ya video na picha za kompyuta, ambao tayari wanaweza kumsimamisha mhusika na kumtembeza, lakini hukwama pindi wanapomvisha nguo. Mfano unaorudiwa humu ni kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa. Nimeichagua kwa sababu ni kitambaa cha pamba cha mstatili, chenye upana wa takribani sentimita 150 na kimo cha takribani sentimita 110, kisicho na kifungo wala zipu, ambacho umbo lake lote likishavaliwa hutokana na uzito wake, mwili ulio ndani yake na namna kilivyofungwa. Programu inayotajwa zaidi ni Blender, kwa kuwa hupatikana bila malipo, ingawa hoja zenyewe zinahusu programu yoyote.

Uigaji wa kitambaa ni nini hasa, na unatofautianaje na kuchonga mikunjo kwa mkono?

Anayechonga mikunjo kwa mkono huamua mwenyewe kila mkunjo ukae wapi. Anayeiga huamua sheria tu: kitambaa kina uzito kiasi gani, kinakataa kuvutika kwa nguvu kiasi gani, kinagusa nini, kisha kompyuta hupiga hesabu, fremu baada ya fremu, na mikunjo hujitokeza yenyewe. Kitambaa huwakilishwa na wavu wa nukta zilizounganishwa kuwa pembetatu, na kila nukta huhesabiwa kani zinazoivuta, kasi yake mpya na mahali itakapokuwa baada ya muda mfupi sana.

Kwa picha moja isiyotembea, fundi mzuri wa kuchonga anaweza kumshinda mwigaji. Mhusika anapoanza kutembea, kuketi na kugeuka, kazi ya mkono huwa mzigo usiobebeka.

Kwa nini kanga yangu inaonekana kama imetengenezwa kwa mpira?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linalofungua karibu maswali mengine yote yaliyomo humu. Kitambaa kilichofumwa kina tabia mbili zinazokwenda pamoja: hukataa kuvutika, lakini hukubali kukunjika karibu bila ubishi. Ishike kanga halisi kwa mikono miwili ukingoni na uivute kufuata uzi. Haitaongezeka kwa kiasi unachoweza kukiona. Ilegeze kidogo tu, nayo itajikunja kwa uzito wake yenyewe. Kipande cha mpira huvutika kwanza na hukunjika kwa shingo upande, na hivyo ndivyo kitambaa cha kompyuta kinavyofanya pale ukinzani wa kuvutika unapokuwa mdogo kulingana na uzito uliokipa.

Kanga ina kipimo cha bure cha kasoro hii, nacho ni jina lake. Bandika picha ya kanga yenye jina kwenye wavu, ning'iniza wavu huo kwa pembe mbili za juu, kisha soma herufi. Ikiwa mji, yaani sehemu ya katikati, umerefuka kwenda chini, maua yaliyokuwa duara yamekuwa mayai, na herufi za jina karibu na pindo zimetanuka kama maandishi ya kwenye puto, basi kitambaa chako kimevutika. Kwenye kitambaa cha rangi moja kasoro hiyo hiyo ingekuponyoka kwa siku kadhaa.

Dawa yake huwa moja kati ya tatu, au zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kuongeza ukinzani wa mvutano. Katika Blender thamani ya mwanzo ni 15, na kwa kanga iliyogawanywa vizuri unaweza kupanda hadi 40 au 60. Ya pili ni kuongeza idadi ya hatua za ndani za hesabu kwa kila fremu, ambayo huanza na 5, hadi 10 au 15, kwa kuwa ukinzani mkubwa bila hatua za kutosha hauna faida. Ya tatu inahusu uzito, nayo ina swali lake hapa chini. Mwaka 1995 Xavier Provot alipendekeza njia nyingine ambayo bado inatumika: baada ya kila hatua ya hesabu, springi yoyote, yaani kiungo cha kuvutika kinachounganisha nukta mbili za wavu, iliyovutika kupita kikomo fulani, kwa mfano asilimia 10, hurudishwa kwa lazima hadi kwenye kikomo hicho.

Mtande, mshindio na mshazari vina umuhimu gani kwenye kompyuta?

Vina umuhimu ule ule vilio nao kwa fundi cherehani. Kitambaa kikivutwa kufuata nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu) au za mshindio (zinazokwenda upana), nyuzi zenyewe ndizo zinazobeba kani, nazo ni imara. Kikivutwa mshazari, nyuzi hazirefuki bali hubadilisha pembe baina yao, miraba midogo ya ufumaji inakuwa kama vipande vya kashata, na kitambaa huongezeka urefu upande mmoja na kupungua upande mwingine. Ndiyo maana gauni lililokatwa mshazari hulala mwilini tofauti kabisa na gauni la kitambaa kile kile lililokatwa wima.

Katika wavu wa springi, mambo haya hugawanywa kwa aina tatu za springi. Zipo zinazounganisha nukta na jirani zake wa kulia, kushoto, juu na chini, ambazo huzuia mvutano. Zipo zinazokata mraba kutoka pembe hadi pembe, ambazo huzuia kitambaa kwenda upogo. Na zipo zinazoruka nukta moja na kushika ya pili yake, au zinazopima pembe kati ya pembetatu mbili jirani, ambazo huzuia kukunjika. Kwa pamba iliyofumwa, zile za kwanza ziwe kali, za pili ziwe legevu zaidi, na za tatu ziwe dhaifu sana.

Kutokana na hayo, elekeza mistari ya wavu wako kufuata mtande na mshindio wa kitambaa unachokiiga. Wavu wa miraba uliowekwa kiholela hukipa kitambaa mtande wa uongo, na mikunjo hufuata mistari ya wavu badala ya kufuata kitambaa. Asiyetaka kujishughulisha na mwelekeo atumie pembetatu zisizo na mpangilio, kama zifanyavyo programu za ushonaji wa kompyuta.

Kwa nini nguo hulipuka na kuruka nje ya picha ninapoongeza ukinzani?

Kwa sababu springi kali inayobeba nukta nyepesi hutetemeka haraka mno, na kompyuta inayoruka hatua kubwa za muda hushindwa kuufuata mtetemo huo. Hebu tufanye hesabu. Chukua kanga iliyogawanywa kwa nafasi za sentimita 1.5: hupata miraba 100 kwa 73, yaani nukta 7,474. Tuseme kanga nzima ina gramu 200. Kila nukta hubeba takribani gramu 0.027. Ukiiunganisha nukta moja tu na springi yenye ukinzani wa nyutoni 1,000 kwa mita, hatua ndefu kuliko zote inayoruhusiwa na hesabu ya kukadiria mbele, yaani inayotumia kani za sasa kukisia hali inayofuata, ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha tungamo ikigawanywa kwa ukinzani, ambayo ni kama sekunde 0.00033. Fremu moja ya filamu ya fremu 24 kwa sekunde ina sekunde 0.042. Unahitaji basi zaidi ya hatua 120 kwa kila fremu, na kwa kuwa nukta halisi imeshikwa na springi nyingi kwa wakati mmoja, idadi hiyo hupanda zaidi. Ukipitisha kikomo, kila hatua huipeleka nukta mbali kuliko ilikotoka, hatua inayofuata hujaribu kuirudisha na kuivusha tena, na mara nguo hutawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Watafiti walihangaika na tatizo hili kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1986 Jerry Weil alionyesha namna ya kupata umbo la kitambaa kilichoning'inizwa kwa jiometria, bila kugusa mwendo. Mwaka 1987 Demetri Terzopoulos na wenzake walileta hesabu za fizikia ya vitu nyumbufu katika picha za kompyuta. Mwaka 1998 ndipo David Baraff na Andrew Witkin walipoonyesha jinsi ya kuchukua hatua kubwa bila mlipuko: badala ya kutumia kani za sasa kukisia kesho, hutafutwa hali ya kesho ambayo kani zake zenyewe zinaafikiana na mwendo uliotokea. Jambo hilo hudai kutatua mfumo mkubwa wa milinganyo katika kila hatua, lakini hatua huwa chache mno kiasi kwamba gharama yake hulipika. Mwaka 2006 wawili hao, pamoja na Michael Kass, walipewa tuzo ya kiufundi na akademia ya filamu ya Marekani kwa kazi yao juu ya nguo.

Njia hiyo ina kodi yake. Kadiri hatua inavyokuwa kubwa ndivyo mwendo unavyopoteza uhai, na nguo huanza kutembea kama iliyo ndani ya asali. Ukiona hivyo, usiguse ukinzani, ongeza hatua.

Niweke uzito gani?

Ipime kanga yenyewe kwenye mizani ya jikoni. Eneo lake ni takribani mita za mraba 1.65, ikiwa mizani inasoma gramu 200, basi kitambaa chako kina gramu 121 kwa kila mita ya mraba. Katika programu zinazouliza uzito kwa mita ya mraba, andika namba hiyo na uendelee na kazi.

Blender haiulizi hivyo. Huuliza uzito wa kila nukta, na thamani yake ya mwanzo ni kilo 0.3. Kwa kanga yetu ya nukta 7,474 hiyo ni zaidi ya tani mbili, yaani unamfunga mhusika gari kiunoni. Kitambaa hakianguki haraka zaidi kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa mvutano wa dunia huchapusha vitu vyote sawasawa, kizito na chepesi. Kinachoharibika ni uwiano kati ya uzito na ukinzani, na kati ya uzito na upepo. Namba za programu hii zisichukuliwe kuwa kilo na nyutoni za maabara. Zichukuliwe kuwa uwiano.

Mtego mkubwa uko kwenye kugawa wavu. Ukigawa kila mraba kuwa minne ili upate mikunjo midogo zaidi, idadi ya nukta hukaribia kuwa mara nne, na uzito wa kanga nzima nao huwa mara nne bila wewe kugusa kitu. Kitambaa kilichokuwa kinaning'inia vizuri jana leo kinavutika, na mtu hudhani programu imeharibika. Kila unapogawa wavu namna hiyo, gawa uzito wa nukta kwa nne.

Nitajuaje ukakamavu wa kukunjika bila maabara?

Kwa meza, rula na pembe. Njia hii ilielezwa na F. T. Peirce mwaka 1930 na bado inatumika katika viwanda vya nguo. Kata ukanda mwembamba wa kitambaa, ulaze mezani, kisha usukume polepole uvuke ukingo wa meza hadi ncha yake inapoinama na kugusa mstari unaoshuka kwa digrii 41.5 kutoka ukingoni. Pima urefu uliovuka. Nusu ya urefu huo ndiyo inayoitwa urefu wa kukunjika, na ukakamavu wa kitambaa ni uzito wake kwa eneo ukizidishwa kwa urefu huo uliopandishwa kipeo cha tatu.

Kipeo hicho cha tatu ndicho chenye mambo. Kanga mpya ya dukani huwa na wanga, nayo husimama kama karatasi. Baada ya kufuliwa mara kadhaa wanga hutoka na kitambaa hulainika. Tuseme ukanda wa kanga mpya umevuka sentimita 6 kabla ya kugusa mstari, na ule wa kanga iliyofuliwa umevuka sentimita 4. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo, lakini ukakamavu umepungua zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kanga. Bibi harusi aliyefungua doti yake leo na mama anayefagia uani asubuhi hawavai kitambaa kimoja, hata kama maua ni yale yale na kiwanda ni kile kile, na mtazamaji aliyekulia Pwani ataona kasoro hata kama hataweza kusema ni ipi.

Watengenezaji wa programu nao huanzia kwenye vipimo. Sueo Kawabata wa Japani alibuni mashine zinazopima mvutano, upogo, ukunjaji, mgandamizo na msuguano wa kitambaa, na mwaka 1994 David Breen, Donald House na Michael Wozny walitumia takwimu za mashine hizo kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kukisia namna kitambaa fulani kitakavyolala juu ya kitu. Asiye na mashine afanye jaribio la macho: afunike sufuria iliyopinduliwa kwa kitambaa halisi, ahesabu mikunjo inayoshuka pembeni, aipige picha, kisha arudie vile vile ndani ya kompyuta. Kitambaa kikakamavu hutoa mikunjo michache na mipana; kilaini hutoa mingi na myembamba.

Mikunjo yangu ni mikubwa na laini kama ya blanketi, ingawa ukakamavu nimeushusha hadi karibu sifuri. Kwa nini?

Wavu ni mkubwa mno. Mkunjo wa sentimita moja hauwezi kuonekana kwenye wavu wenye nafasi za sentimita tatu, hata uushushe ukakamavu namna gani, kwa sababu hakuna nukta ya kuuchora. Kitambaa halisi kikisukumwa kutoka pembeni hakibanwi, bali huinuka na kujikunja. Wavu mkubwa usioweza kuinuka hubanwa ndani ya uso wake, na urefu uliopaswa kuwa mkunjo hupotea kimyakimya.

Mguu unapenya kanga kila mhusika anapopiga hatua. Nifanyeje?

Piga tena hesabu ndogo. Mguu au mkono unaokwenda mita 5 kwa sekunde husafiri kama sentimita 21 katika fremu moja ya sekunde 1/24, ilhali unene wa kitambaa haufiki hata milimita moja. Programu inayouliza tu kama nukta iko ndani ya mwili mwishoni mwa hatua itakuta mguu umeshavuka upande wa pili, na kwa maoni yake hakuna kilichogongana.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuongeza hatua ili umbali wa kila hatua uwe mdogo. Ya pili, ambayo ni kazi ya programu yenyewe, ni kuuliza ni lini ndani ya hatua nukta na pembetatu, au ukingo na ukingo, vilikuwa kwenye bapa moja. Swali hilo huzaa mlinganyo wa kipeo cha tatu ambao jibu lake ni wakati wa mgongano. Mwaka 2002 Robert Bridson, Ronald Fedkiw na John Anderson walichapisha utaratibu unaounganisha ukaguzi huo na msuguano na kani za kusukumana, na programu nyingi za leo zimekopa kutoka kwao.

Kabla ya hayo yote, kagua mwili. Mara nyingi kosa haliko kwenye nguo. Mwili uliochongwa vibaya, ambao paja moja linaingia ndani ya jingine mhusika anapoketi au mkono unaingia ndani ya ubavu, huibana nguo mahali pasipo na nafasi, na hakuna hesabu itakayoitoa huko. Kwapani ndiko kwenye visa vingi. Tatizo hili liliwasumbua hata mafundi wakubwa. Baraff, Witkin na Kass walilitolea utafiti mwaka 2003, wakapendekeza kwamba pale kitambaa kinapobanwa na mwili unaojipenya, programu iache kwa muda kukisukuma hadi mwili utakapoachana. Lakini kama mwili ni wako, urekebishe mwili.

Na kanga inapojipenya yenyewe?

Ruhusu ukaguzi wa mgongano wa nguo na nguo, ambao katika Blender huanza ukiwa umezimwa. Huzimwa kwa sababu ni ghali. Kanga yetu ina nukta 7,474 na pembetatu 14,600. Kulinganisha kila moja na kila nyingine ni zaidi ya jozi milioni 109 kwa hatua moja. Programu hupunguza idadi hiyo kwa kuifungasha nguo ndani ya visanduku vilivyomo ndani ya visanduku vingine: visanduku viwili visipogusana, yote yaliyomo huachwa bila kuulizwa. Hata hivyo kazi inayobaki ni kubwa, na kwa kitambaa kinachozungushwa mwilini mara moja na nusu, kama kanga, huwezi kuikwepa.

Kanga yangu haigusi ngozi, inaelea. Ni kosa gani?

Ni umbali wa usalama. Blender huanza na mita 0.015, yaani sentimita moja na nusu kati ya nguo na mwili. Ushushe hadi milimita 3 au 5, kisha ongeza hatua ili usirudi kwenye kupenyana, na uhakikishe pia kwamba mwili wenyewe haukuwekewa unene wake wa ziada.

Nimfungeje mhusika kanga kiunoni?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza wiki, kwa kuwa wanajaribu kuiga kile ambacho mikono hufanya. Mtu anayejifunga kanga huizungusha, hukaza, hukunja ukingo wa juu kwa nje na kuchomeka ncha. Kinachoishikilia baada ya hapo ni msuguano wa tabaka tatu au nne za pamba zilizobanwa dhidi ya kiuno. Programu za kawaida huhesabu msuguano kwa makadirio, na tabaka nyembamba zilizobanana ndizo zinazoyavunja makadirio hayo. Utaona kanga ikishuka polepole, nusu sentimita kwa kila hatua ya mguu, hadi aibu.

Njia inayofaa ni kugawa kazi. Anza na mhusika aliyesimama, miguu imeachana kidogo na mikono imeinuliwa. Weka kanga wima nyuma yake, ukingo wa juu ukiwa usawa wa kiuno, na ubane nukta za safu tatu au nne za juu. Kisha zizungushe nukta hizo kwa mkono, fremu kwa fremu, kuelekea mbele, ncha moja ikipita chini na nyingine juu, huku sehemu ya chini ikiachwa huru ifuate kwa uzito wake. Fanya hivyo taratibu, kwa fremu 100 au zaidi, na mvutano wa dunia ukiwa umepunguzwa. Ikishafika, simamisha, acha kitambaa kitulie, halafu hifadhi umbo hilo kuwa mwanzo mpya. Safu za juu zibaki zimebanwa kwenye kiuno moja kwa moja, zisiigwe tena. Ule mkunjo wa juu na ncha iliyochomekwa, uchonge kwa mkono na uubandike. Mtazamaji hutazama namna pindo linavyopiga visigino na namna mkunjo wa mbele unavyofunguka mguu unapotangulia, wala hachunguzi kilichofichwa kiunoni.

Kwa kanga ya pili iliyojitandwa kichwani na mabegani, usibane ukanda mzima. Bana nukta chache juu ya utosi na nyingine begani pale ncha ilipotupwa, ongeza msuguano wa mwili, na uache mtandio uteleze kidogo, kwa kuwa ndivyo ufanyavyo, na ndiyo maana mkono wa mvaaji hauishi kuurudisha. Ukimpa mhusika wako kitendo hicho cha kuvuta mtandio, msuguano usio sahihi utasameheka.

Kanzu, gauni na nguo zenye marinda je?

Hizo zishonwe. Usichonge kanzu kama bomba lenye mikono. Kata vipande bapa kama akatavyo fundi, yaani kifua, mgongo, mikono na vipande vya pembeni, viweke kuuzunguka mwili, kisha iache programu ivute kingo zikutane. Programu ya ushonaji ya Marvelous Designer imejengwa juu ya wazo hilo, na Blender nayo ina springi za kushonea zinazofanya kazi hiyo kwa ufundi mdogo zaidi. Faida ni kwamba nguo huanza ikiwa bapa, kama ilivyo kitambaani, na mikunjo ya begani na kwapani hutokana na mkato wenyewe. Marinda hupatikana kwa kushona ukingo mrefu kwenye ukingo mfupi.

Michezo ya video huwezaje kufanya haya papo hapo?

Huwezaje? Kwa kukubali ukweli mdogo zaidi. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 kwa kila kitu, si nguo peke yake. Mwaka 2001 Thomas Jakobsen alieleza njia iliyotumika katika mchezo wa kampuni yake: hakuna springi, bali nukta husogezwa moja kwa moja hadi umbali kati yao uwe sawa, na zoezi hilo hurudiwa mara chache kwa kila fremu. Matthias Müller na wenzake waliipanua njia hiyo mwaka 2006 kuwa mfumo kamili. Haiwezi kulipuka kirahisi, nayo ni ya haraka. Udhaifu wake ni kwamba ukakamavu wa nguo hubadilika kulingana na idadi ya marudio, hivyo nguo ile ile huonekana mpira kwenye simu dhaifu na turubai kwenye mashine kubwa. Marekebisho yaliyochapishwa mwaka 2016 na Miles Macklin, Müller na Nuttapong Chentanez yaliondoa sehemu kubwa ya udhaifu huo.

Kwa mchezo wa simu, pindo la kanga na ncha ya mtandio viigwe. Sehemu nyingine ya nguo ifuate mifupa ya mhusika tu.

Upepo wa pwani nauwekaje?

Usiwe wa kudumu. Kani ya upepo huhesabiwa kwa kila pembetatu kulingana na uelekeo wa uso wake, hivyo pembetatu iliyoukabili upepo husukumwa na iliyoupa ubavu huachwa. Upepo usiobadilika huifikisha nguo kwenye hali moja na kuigandisha hapo kama bendera ya bati. Ongeza mchafuko, badilisha nguvu yake kila sekunde chache, na ukumbuke swali la uzito: buibui jepesi lililopewa uzito wa jinzi halitainuka hata kwa kaskazi ya Januari.

Sweta la kufumwa kwa sindano linaigwa hivyo hivyo?

Hapana. Katika kitambaa cha vitanzi uzi wenyewe hupinda na kunyooka, hivyo sweta huvutika kwa wingi na kurudi. Mwaka 2008 Jonathan Kaldor, Doug James na Steve Marschner wa Chuo Kikuu cha Cornell waliiga kila uzi na kila kitanzi. Matokeo yalikuwa ya kupendeza na gharama yake kubwa mno kwa kazi ya kila siku. Kwa kawaida tumia wavu ule ule, punguza ukinzani wa mvutano, na ongeza unene.

Mikunjo ni sahihi, lakini picha bado inaonekana ya plastiki. Kasoro iko wapi?

Iko kwenye mwanga. Pamba haing'ai kama sahani. Ina vinyweleo vidogo vinavyokamata mwanga kwenye kingo, pale uso unapokwepa macho ya mtazamaji, na hivyo ukingo wa mkunjo huwa mweupe kidogo. Punguza mng'ao wa jumla, ongeza mng'ao wa kingo, na uruhusu mwanga kidogo upenye kitambaa. Kanga ikiwa mbele ya dirisha, maua ya upande wa pili yanapaswa kuonekana kwa mbali.

Mhusika wangu anatoka baharini na kanga imelowa. Kuna namna rahisi?

Ipo, ingawa ni ya kukadiria. Maji huongeza uzito, huifanya pamba kulala, na huigandisha kwenye ngozi na kwenye tabaka lake lenyewe. Ongeza uzito wa nukta, shusha ukakamavu wa kukunjika, pandisha msuguano hadi karibu na kikomo, punguza umbali wa usalama kadiri unavyoweza, na uzime upepo. Rangi iwe na giza zaidi na mng'ao uongezeke. Pindo ndilo litakalokusumbua, kwa sababu maji hushukia huko na kukauka huko mwisho. Chora ramani ya uzito inayoongezeka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na ukitaka kanga ikauke taratibu wakati mhusika anapanda ufukweni, badilisha ramani hiyo fremu kwa fremu ukianzia juu.